Kabla hujamwaga chokaa: mchanga mwekundu, tope la mikoko na risasi ya betri

Chukua ukufi wa udongo mkavu wa shambani, uweke kwenye kisahani, ukamulie ndimu. Ukitokota na kutoa povu, udongo huo una chokaa yake tayari, na lile gunia ulilonunua lipeleke ukapake ukuta. Usipotoa povu bado hujajua lolote, ila sasa una sababu ya kupima.

Naanzia kwenye ndimu kwa sababu pwani hii tumeizoea chokaa mno. Nyumba za mawe za Lamu zimeshikana kwa chokaa ya matumbawe, na majahazi yalipakwa deheni ya chokaa na mafuta ili mdudu asile mbao. Kwa hiyo mtu akisikia redioni kwamba udongo wenye asidi unatibiwa kwa chokaa, anaona dawa anayo uani. Ushauri huo ni wa kweli, ila ulitolewa kwa ajili ya mashamba ya bara, Kakamega na Uasin Gishu, ambako udongo ni wa aina nyingine kabisa. Ukitoka ufukweni Malindi ukielekea bara, ndani ya mwendo mfupi wa pikipiki unavuka kwanza ukanda wa jiwe la matumbawe, ambao pH yake (kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, chini yake ni asidi) hufika 8. Ukivuka Sabaki unakuta udongo wa mafuriko uliobebwa na mto, na huo shida yake ni chumvi na maji kutuama kuliko uchachu. Halafu ndio unapanda mchanga mwekundu wa Magarini, uliosuuzwa na mvua mpaka haukubakiwa na akiba ya kuzuia asidi. Na kando ya hori, Ngomeni na visiwa vyote vya Lamu, kuna tope la mikoko. Hakuna kipimo kimoja cha chokaa kinachofaa sehemu zote hizo.

Mchanga mwekundu

Uchachu wenyewe hauui mmea. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyojifunga ndani ya udongo huanza kuyeyuka na kuingia kwenye maji yanayonyonywa na mizizi. Chini ya 5 hali huwa mbaya. Ng'oa mhindi mmoja uusuuze: mizizi iliyopigwa na alumini ni mifupi, minene, ya kahawia kwenye ncha, haina vile vinyweleo vyeupe. Mmea wa namna hiyo unanyauka siku 4 baada ya mvua ilhali udongo una unyevu futi moja chini. Mkulima analaumu jua, anaongeza mbolea, na mbolea ndiyo iliyoleta balaa. Kila kilo 100 za salfeti ya amonia zinahitaji karibu kilo 110 za chokaa ya unga ili kufuta asidi yake. Yurea kilo 100 zinahitaji kama kilo 80. Mbolea ya CAN haina shida hiyo, kwa sababu tayari ina chokaa ndani.

Kupima. Zunguka ekari kwa mwendo wa kupindapinda, chimba mahali 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, ukate kipande chembamba cha ukuta wa shimo kutoka juu hadi chini. Changanya kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki itakuharibia majibu ya madini. Usichote penye kichuguu, jivu, samadi iliyolundikwa wala chini ya mwembe. Anika kivulini, chekecha, chukua gramu 20, tia mililita 50 za maji safi ya kujazia betri (si asidi yake!) au maji ya mvua, tikisa, subiri nusu saa, pima. Maji ya kisima cha pwani usiyatumie, yana chokaa yake yenyewe. Kipimo cha kalamu kinafaa iwapo umekirekebisha asubuhi hiyo kwa maji ya pH 4 na pH 7. Vile vijiti vya kuchomeka ardhini vyenye mshale, vinavyouzwa pamoja na mbegu za maua, ni vya kuchezea watoto. Ukitaka majibu ya maabara, kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, Mtwapa, ndipo pa karibu pa kuulizia.

Sasa kiasi. Majedwali ya vitabuni yanakupa tani kwa hekta kana kwamba chokaa zote ni moja. Mimi napendelea makopo. Chukua makopo 5, kila moja tia kilo 1 ya udongo uliochekechwa. La kwanza liache bila kitu. Mengine tia gramu 0.25, 0.5, 1 na 2 za chokaa ile ile utakayoitumia shambani. Mizani ya duka la nafaka haiwezi kazi hii. Muombe sonara akupimie. Lowesha udongo uwe kama wa kupandia, funika kwa plastiki yenye matundu, weka kivulini wiki 3 ukiuweka na unyevu. Pima pH ya kila kopo. Chagua lile lililofika karibu na 6. Hesabu yake ni nyepesi: udongo wa sentimita 20 za juu katika mita 1 ya mraba una uzito wa karibu kilo 260, kwa hiyo gramu 1 ndani ya kopo ni gramu 260 kwa mita ya mraba, au tani 1 na kidogo kwa ekari. Uzuri wa njia hii ni kwamba haijali chokaa yako ni safi au ina mchanga nusu, kopo limeshakujibia.

Kwenye mchanga wa Magarini jibu mara nyingi litaangukia makopo yenye chokaa kidogo. Mchanga hauna mahali pa kuhifadhi asidi nyingi, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kuuzidishia. Usipite gramu 200 kwa mita ya mraba kwa msimu mmoja. Ikihitajika zaidi, gawa miaka 2.

Kuhusu chokaa yenyewe: ukichukulia unga wa jiwe la chokaa safi kuwa 100, chokaa iliyochomwa isiyozimwa ina nguvu ya 179 na iliyozimwa (iliyotiwa maji) 135. Lakini chokaa iliyozimwa ikikaa wazi uani miezi kadhaa inavuta hewa na kurudi kuwa jiwe la unga, nguvu inashuka hadi 100 ile ile. Isiyozimwa siipendekezi kabisa kwa shamba. Ikikutana na jasho au jicho inachoma, na ikidondokea mche inaua. Bora zaidi, na pengine utapewa bure, ni vumbi jeupe linalobaki kwenye matimbo ambako mawe ya matumbawe yanakatwa kwa mashine. Lisugue baina ya vidole. Likiwa laini kama unga wa ngano linafaa. Likikwaruza kama sukari, lichekeche kwa chujio la chai, kwa maana chembe zinazozidi milimita 2 zinakaa ardhini miaka bila kufanya kazi ya maana. Matumbawe hai ya baharini yaacheni, hayana faida yoyote zaidi ya jiwe la timbo.

Jivu la kuni nalo ni chokaa ya aina yake, lenye nguvu labda ya theluthi hadi nusu ya unga wa jiwe, na lina potasiamu juu yake. Ila uliza kwanza limetoka kwenye kuni gani. Mbao za mashua kuukuu zina rangi zenye risasi na shaba, na nguzo za kijani zilizotiwa dawa zina aseniki na kromi. Ukizichoma, mbao inaondoka na madini yote yanabaki kwenye jivu.

Mwaga kabla ya masika, unga wa jiwe Januari au Februari, chokaa iliyozimwa hata Machi, asubuhi mapema kaskazi haijaamka, la sivyo unatibu shamba la jirani. Nusu mwaga kabla ya kulima, nusu baada, ukachanganye kwa jembe hadi sentimita 15 au 20. Chokaa iliyoachwa juu inashuka polepole mno, na mizizi inaumia kule chini. Unga wa jiwe upe miezi 2 hadi 3 kabla ya kupanda, iliyozimwa wiki 2 au 3. Samadi, yurea na salfeti ya amonia zikae mbali nayo kwa wiki 3. Ukizichanganya utasikia harufu kali inayochoma pua kama ya choo cha mkojo, na hiyo ni naitrojeni yako inaondoka na upepo.

Ukizidisha, majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hapo chuma na manganizi zimefungika. Kwenye mahindi utaona michirizi meupe kando ya ubavu wa jani, na hiyo ni zinki. Ndiyo dalili zile zile za mashamba ya juu ya matumbawe, kwa hiyo anayemwaga chokaa huko analipia ugonjwa. Zinki inarudishwa kwa kupulizia salfeti ya zinki gramu 5 kwa lita ya maji, pamoja na gramu 2.5 za chokaa iliyozimwa ili jani lisiungue. Pulizia jioni.

Na kama shamba lako ni la mananasi au mihogo, pH ya 5 inakutosha. Nanasi linapenda uchachu. Usitibu shamba lisilougua.

Tope la mikoko

Hapa mambo yanageuka. Tope la chini ya mkoko na mchu, likiwa limelala ndani ya maji ya chumvi, lina pH ya 7 na ndimu inaweza hata kutoa povu kwa sababu ya vipande vya makombe. Mtu anapima, anafurahi, anachimba bwawa la mwatiko au la kamba, analundika tope kuwa tuta. Baada ya wiki chache pH ya tuta ni 3.

Kisa chake ni hiki. Bahari ina salfa nyingi, tope lina chuma na majani yaliyooza, na hewa haiingii. Vijidudu vinaunganisha salfa na chuma kuwa pairiti, vichembe vidogo visivyoonekana kwa jicho. Vikikaa majini havina neno hata miaka elfu. Vikipata hewa vinageuka asidi ya salfa, ile ile ya kwenye betri ya gari. Na Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, kwa hiyo tope hili tunalo la kutosha.

Dalili ziko wazi ukizijua. Tope bichi ni la kijivu cha buluu au jeusi, lina harufu ya yai bovu. Likikauka linapasuka, na kwenye nyufa na njia za mizizi mikuukuu inatokea rangi ya njano iliyofifia, kama ukili mkavu. Rangi hiyo ni jarositi, na haitokei mpaka pH imeshuka chini ya 4. Kwenye mfereji utaona utando unaong'aa kama mafuta ya mashine. Uguse kwa kijiti: ukivunjika vipande kama kioo ni chuma, ukizunguka na kuungana tena ni mafuta kweli. Dalili inayowadanganya wengi ni maji ya bwawa kuwa maangavu kabisa, unaona mpaka chini. Watu wanaita wageni waje waone. Maji yale yameng'aa kwa sababu alumini imekusanya tope lote na kulizamisha. Mvua ya kwanza inaposuuza matuta, samaki wanaelea alfajiri, mashavu yamejaa kutu.

Kabla ya kuchimba, pima kwa subira. Chukua tope kutoka kila kina unachotarajia kufika: sentimita 20, 50, mita 1. Tandaza kila moja kwenye sahani ya plastiki, unene wa sentimita 1, liache kivulini likiwa na unyevu, si la kukauka wala la kutota, na upime pH kila wiki. Fanya hivyo wiki 8, ukiweza 16. Ikishuka hadi 4 au chini yake, tope hilo lina pairiti. Anayetaka jibu siku hiyo hiyo anatumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 kutoka duka la kemikali. Matone machache juu ya tope, likichemka kwa nguvu na pH ikaanguka chini ya 3, usichimbe. Vaa miwani na glavu, maana inachoma ngozi ikawa nyeupe.

Kwa nini tusimwage chokaa tu? Kwa kila asilimia 1 ya salfa ya pairiti, tani 1 ya tope kavu inahitaji kilo 31 za unga wa jiwe la chokaa. Ekari moja, kina cha sentimita 20, ni takriban tani 650 za tope kavu. Zidisha: tani 20 za chokaa. Na tope la mikoko linaweza kuwa na asilimia 2 au 3. Hata ukipata lori za kutosha, chembe za chokaa zikikutana na asidi kali zinavikwa ganda la jasi na kutu, zinazimika zikiwa bado nzima ndani.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kuliacha tope chini ya maji. Bwawa lijengwe nyuma ya mikoko, kwenye jangwa la mchanga wa chumvi, baada ya kupima hapo napo. Kukata mikoko bila ruhusa ya Huduma ya Misitu ni kosa, hilo mnalijua.

Lakini kama bwawa limeshachimbwa, bahari yenyewe ndiyo dawa ya bei nafuu. Maji ya bahari yana uwezo mdogo wa kufuta asidi, kama gramu 115 za chokaa kwa kila mita ya ujazo, ila hayalipiwi na yanakuja kila siku. Kausha bwawa mpaka sakafu ipasuke, wiki 1 au 2 za jua. Lime au chakura sentimita 10 za juu ili hewa iingie na asidi itoke yote inayotaka kutoka. Bamvua likija jaza bwawa kwa maji ya bahari, yaache hadi pH itulie isishuke tena, kisha yatoe yote bahari ikipwa, na siku ile ile ujaze tena. Rudia mpaka maji yaliyokaa siku 2 yabaki na pH ya juu ya 5. Kisha kausha tena, uanze upya. Bamvua ni mara 2 kwa mwezi, maji mafu hayafiki kwenye mlango wa bwawa, kwa hiyo mizunguko 3 inakula mwezi mmoja na nusu hadi miwili. Anayekupa ahadi ya wiki moja hajui kazi hii.

Tuta lisisahauliwe, maana ndilo linaloua samaki. Chimba kimfereji juu ya mgongo wa tuta, ujaze maji ya bahari kwa wakati ule ule ili yapenyeze na kusuuza kwenda chini. Baadaye mwaga chokaa ya unga nusu kilo kwa mita ya mraba kwenye miteremko ya ndani, na gramu 50 hadi 100 kwa mita kwenye sakafu. Funika tuta kwa nyasi zinazostahimili chumvi. Usitie vifaranga vya mwatiko mpaka pH ikae juu ya 7 kwa wiki 2, na mvua moja kubwa iwe imepita katikati. Maji machafu ya kusuuzia yatoke maji yakiwa yanakupwa kwa kasi, yasielekezwe kwenye hori dogo ambako watu wana mitego.

Risasi

Nyuma ya gereji, kando ya fundi wa betri, na pale wavuvi wanapoyeyusha risasi za betri kuukuu kutengeneza chubwi za nyavu, kuna matatizo mawili mahali pamoja, asidi na madini. Asidi ni rahisi. Lita 1 ya asidi ya betri inafutwa na nusu kilo ya unga wa matumbawe. Betri ya gari ina kama lita 4 au 5. Mwaga unga, subiri povu liishe, changanya, ongeza mpaka povu lisitoke tena. Lamu haraka inahitajika zaidi, kwa sababu maji ya mji yanatoka chini ya mchanga wa Shela, na mchanga hauchuji asidi.

Risasi ni kitu kingine. Haiozi, haiyeyuki kwenda zake, haiharibiwi na jua. Ardhi ya kawaida ina miligramu 10 hadi 50 kwa kilo. Marekani kwa miaka mingi ilitumia mpaka wa 400 kwa uwanja wa makazi, mwaka 2024 ikaushusha hadi 200, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi ndani ya damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Fikiria hesabu yake: sentimita 5 za juu za mita moja ya mraba ni kilo 65 za udongo. Gramu 26 tu za vumbi la risasi, chini ya chubwi moja ya wastani, zinatosha kuifikisha 400. Owino Uhuru kule Mombasa tunaijua wote. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sababu ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri.

Kosa la kwanza linalofanywa ni kulima. Risasi isiyochimbuliwa inakaa sentimita 5 hadi 10 za juu, na ukiipitishia jembe umegeuza tatizo la gunia 10 kuwa tatizo la lori. Lowesha kwanza ili vumbi lisiruke, kwangua sentimita 10 kwa koleo, tia ndani ya magunia mawili mawili, funga, andika, na yachukuliwe na mwenye leseni ya taka hatari kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira. Usijazie shimo la jirani. Peleka sampuli za sakafu iliyobaki maabara. Vile vifaa vya rangi vya kupimia ukutani havifai kwa udongo.

Risasi ikiwa nyingi ila haiwezekani kuondolewa yote, unaifunga. Chokaa hadi pH 6.5 au 7 inaifunga kiasi, pamoja na shaba, zinki na kadimi, lakini pH ikirudi chini zinafunguka tena, kwa hiyo ni kazi ya kila mwaka. Fosfeti inaifunga vizuri zaidi, kwani risasi, fosfeti na kloridi vikikutana vinatengeneza jiwe lisiloyeyuka hata tumboni kwa urahisi. Chanzo chake kinaweza kuwa fosfeti ya Minjingu kutoka Tanzania, au mifupa. Mtaa wa South Prescott, Oakland, Marekani, walitumia mifupa ya samaki iliyosagwa. Malindi na Lamu mifupa ya samaki tunatupia paka! Chemsha, kausha, saga, changanya kilo 2 hadi 3 kwa kila kilo 100 za udongo, yaani kilo 3 hivi kwa mita ya mraba kwa kina cha sentimita 10. Mpangilio ni muhimu: mfupa na jiwe la Minjingu huyeyuka kwenye uchachu kidogo, basi tia fosfeti kwanza, weka unyevu mwezi mmoja, ndipo utie chokaa. Ukianza na chokaa umeufungia mfupa mlango. Na juu ya udongo wa matumbawe wenye pH 8 mfupa haufanyi kazi ya maana. Pale funika tu. Maabara itakapopima risasi yote utakuta namba haijashuka. Ni sawa, risasi ipo, imefungwa. Omba kipimo cha risasi inayoyeyuka.

Kufunika ni hivi: tandaza kitambaa cha plastiki kilichofumwa, kama gunia lililofunguliwa, juu yake sentimita 30 za udongo safi, juu yake nyasi. Kitambaa ni cha kumuonya atakayechimba miaka 10 ijayo. Mboga zipandwe kwenye vitalu vilivyoinuliwa. Nyanya, bamia, pilipili na biringanya haziweki risasi nyingi kwenye tunda. Mchicha unakwenda na vumbi lote, na kadimi unainyonya hasa. Kuku nao wanasahauliwa. Kuku wa kienyeji anadonoa udongo siku nzima na risasi inaingia kwenye yai, kwa hiyo wafungieni.

Kuna wanaosema pandeni alizeti, inanyonya sumu. Hesabu: ekari yenye miligramu 800 kwa kilo ina karibu kilo 840 za risasi kwenye sentimita 20 za juu. Alizeti iliyostawi vizuri, tani 4 kavu, ikiwa na miligramu 100 kwa kilo, inabeba kilo 0.4. Ili kushuka hadi 400 tu unahitaji mavuno zaidi ya 1,000. Pandeni alizeti kwa ajili ya mafuta, na mahali pengine.

Halafu kuna majosho ya zamani ya ng'ombe huko ndani. Dawa za kupe za enzi hizo zilikuwa na aseniki, na aseniki inakwenda kinyume na yote niliyoyaandika hapo juu. Chokaa ikipandisha pH inaifungua, na fosfeti inaisukuma itoke kwenye chuma ilikojishikiza, ielekee kisimani. Ukikuta kuta za josho lililobomoka kwenye shamba unalotaka kulitibu, usimwage kitu. Zungushia uzio hatua 30 kila upande na pale lilipokuwa zizi la kukaushia ng'ombe, mbuzi wasiingie, na sampuli iandikwe wazi kwamba inapimwa aseniki, kwa sababu kipimo cha kawaida cha rutuba hakiitafuti.